TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) inakagua nini hasa: majengo, mafaili, au kinachoingia kichwani mwa mwanafunzi?

#1 Chaki Nyeupe
Wakuu, habari za muda huu.

Nafundisha chuo kikuu kimoja hapa Tanzania, jina nalihifadhi. Somo langu ni sera na utawala wa elimu, mwaka wa pili, darasa la watu 412. Juzi nimemaliza kusahihisha mtihani wa mwisho wa semista, na kuna jambo limeninyima usingizi, nimeona nililete hapa.

Swali la tatu liliwataka waeleze serikali ilivyoanza kusimamia ubora wa vyuo vikuu binafsi. Maelezo yanaanzia kwenye Sheria ya Elimu namba 25 ya mwaka 1978, iliyorekebishwa mwaka 1995 hadi likapatikana Baraza la Ithibati la Elimu ya Juu. Sasa kwenye desa, yale maelezo ya somo yaliyochapwa, nililowapa mwanzoni mwa semista niliteleza kuchapa, nikaandika 1987. Wiki ya pili nikalisema kosa lile darasani, nikaandika 1978 ubaoni kwa tarakimu kubwa, nikawaomba kila mmoja akate kwa kalamu yake.

Karatasi 263 kati ya 412 zimeandika 1987. Nyingi zimenukuu aya yangu nzima, mpaka koma zimekaa palepale nilipoziweka.

Semista hiyohiyo tulikaguliwa. Jopo lilikaa siku tatu. Walihesabu viti, kompyuta, wahadhiri wenye shahada za uzamivu, wakapitia mitaala na kumbukumbu za vikao. Tukapita. Sipingi hata kidogo kuhesabu viti, maana kuna vyuo havina. Ninachouliza ni hiki: katika mtiririko wote huo wa TCU, ni wapi ambapo mtu angekutana na zile karatasi 263?

#2 Fundi Nondo
Mkuu hakuna mahali. TCU ipo tangu 1995 na kazi yake kubwa ni kupokea ile 20,000 ya kila mwanafunzi kila mwaka inayoitwa ada ya uhakiki ubora. Nimelipa miaka minne, 80,000 yangu, na sijawahi kumwona mtu kutoka TCU akiingia darasani kwetu.

#3 Kabati la Mzee
Fundi Nondo, rekebisha hapo. Kilichoanza 1995 ni hilo Baraza la Ithibati alilolitaja mleta mada. TCU imeanza kazi tarehe 1 Julai 2005 kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka huo. Tofauti yake ni kubwa kuliko jina. Baraza lilielekezwa zaidi kwenye vyuo binafsi, vilivyokuwa ndiyo kwanza vinachipuka. Vyuo vya umma vilikuwa na sheria zake na seneti zake, vinajisimamia. TCU ilipokuja ikaviweka vyote chini ya mwamvuli mmoja.

Turudi nyuma kidogo. Oktoba 1961 chuo chetu cha kwanza, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilipoanza pale Lumumba kwenye jengo la TANU, wanafunzi walikuwa 13, wote wa sheria. Kilikuwa chuo shirikishi cha Chuo Kikuu cha London na shahada ilikuwa ya London. Mwaka 1963 tukaingia Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na 1970 ndipo Dar es Salaam ikasimama peke yake. Kwa muda mrefu kilicholinda ubora ni uchache wa watu pamoja na jicho la chuo kikubwa zaidi. Ukiwa na wanafunzi 13, mwalimu anajua nani hakuelewa kabla hata ya mtihani. Chaki ana 412. Pale ndipo pa kuanzia, si TCU.

#4 Fundi Nondo
Nimepokea marekebisho mzee wangu, shukrani. Ila 80,000 yangu iko palepale.

#5 Wakili Mtarajiwa
Mimi nina ushahidi wa karibu zaidi. Oktoba 2022 yalipotoka matokeo ya Shule ya Sheria kwa Vitendo, kati ya wanafunzi 633 waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Waliotakiwa kurudia baadhi ya masomo 342. Waliokula disko, yaani kuondolewa masomoni, 265. Wote 633 walikuwa na shahada ya sheria mkononi, kutoka vyuo vilivyosajiliwa, kozi zenye ithibati, yaani zilizothibitishwa kufikia viwango, na kila mmoja alikuwa amelipa hiyo 20,000 kila mwaka.

Nchi ilitikisika mpaka Waziri wa Katiba na Sheria, Dkt. Ndumbaro, akaunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe. Kama mfumo wa ithibati unafanya kazi, wale watu wangetokeaje?

Mimi mwenyewe nilisomea sheria chuo kimoja ambacho katika miaka yote ile sikuwahi kuandika hati ya madai hata moja, yale maandishi ya kufungulia kesi. Nilijua tafsiri ya hati ya madai kwa moyo. Siku ya kwanza niliyopewa maelezo ya mteja niambiwe andika, nilikaa na karatasi tupu saa nzima.

#6 Bint Usambara
Wakili pole, ila hoja yako inakatika katikati. Wakifeli 607 kati ya 633, lazima umtazame pia anayetahini. Mwalimu wa sekondari akifelisha 96 kwa mia tunamuuliza yeye kwanza. Unakumbuka wakati ule wanafunzi wenyewe walilalamikia ratiba na namna ya kusahihisha?

Isitoshe, Shule ya Sheria inapima kazi ya uwakili. Shahada ya sheria inazalisha pia watu wa utumishi, benki, siasa. Ukitumia mtihani wa kazi moja kuhukumu shahada nzima unapotosha.

#7 Wakili Mtarajiwa
607 ukijumlisha wa kurudia. Waliotolewa kabisa ni 265. Tuwe makini na hesabu, dada.

Halafu hati ya madai si siri ya mawakili. Mtu mwenye shahada ya sheria asiyeweza kuiandika ni sawa na mwenye shahada ya kilimo asiyeweza kuotesha mche.

#8 Mkutubi Mstaafu
Wanangu, nimesoma yote. Niliweka vitabu rafuni miaka 31, kwa hiyo mnivumilie kama nitarefusha.

Chuo kimoja nilichofanyia kazi, tulipata barua ya ukaguzi wiki tano kabla. Mkuu wetu akapata wazo. Tukaenda kuazima vitabu chuo rafiki, pikapu mbili zikajaa. Usiku mbili mfululizo tulibandika lebo zetu juu ya mihuri yao. Nilifanya hivyo kwa mikono yangu na sijivunii hata leo.

Siku ya ukaguzi akaja mama mmoja, profesa, mwembamba, miwani kwenye kamba. Wenzake walikuwa wanahesabu rafu. Yeye hakuhesabu chochote. Akatoa vitabu vitano kutoka rafu tano tofauti, akafungua jalada la nyuma, akatazama ile karatasi ya tarehe za kuazima. Cha kwanza kilikuwa cha kwetu, kiliazimwa mara ya mwisho miaka sita nyuma. Cha pili karatasi ilikuwa nyeupe. Cha tatu kurasa zake bado zimegandana kutoka kiwandani. Cha nne alipapasa lebo kwa kidole gumba, akahisi uvimbe wa muhuri chini yake, akaniangalia machoni. Hakusema neno. Akaomba daftari la wanaoazima.

Kwa hiyo Chaki, usidhani wakaguzi ni watu wa kuhesabu tu. Wapo wanaoona. Ripoti ilipokuja ilikuwa na aya mbili kali kuhusu maktaba. Tukapewa muda wa kurekebisha, tukanunua vitabu. Vitabu vikaja. Wasomaji hawakuongezeka.

#9 Jembe la Mpini
Mzee Mkutubi, shikamoo. Hilo la kidole gumba limenisisimua.

#10 Mama Juhudi
Samahani wakuu naingilia. Kijana wangu amechaguliwa vyuo vitatu, anatakiwa athibitishe kimoja lakini ile namba ya siri haijaingia kwenye simu mpaka sasa. Afanyeje? Siku zinaisha.

#11 Jembe la Mpini
Mama, aingie kwenye akaunti aliyoombea kwenye chuo anachokitaka, kuna sehemu ya kuomba namba itumwe upya. Akikwama apige simu ofisi ya udahili ya chuo hicho, si kusubiri. Mara nyingi tatizo ni namba ya simu aliyojaza wakati wa kuomba.

#12 Fundi Nondo
Enzi zetu hakukuwa na kuthibitisha. Ulikuwa mfumo wa pamoja wa TCU tangu 2005, unajaza machaguo yako, kompyuta inakupangia, unapelekwa.

#13 Kabati la Mzee
Fundi kijana wangu, tarehe zinakuchezea leo. Mfumo wa pamoja ulianza 2010 ukakoma 2017, vyuo viliporudishiwa kudahili vyenyewe. TCU imebaki na kazi ya kuweka sifa za chini, kuhakiki majina na kuratibu awamu.

#14 Karani wa Ubora
Ngoja niseme kutoka ndani. Nipo kwenye kitengo cha uhakiki ubora cha chuo fulani, mimi ndiye ninayeandaa yale mafaili ambayo Chaki anayasema.

Kwanza tuelewane kazi inavyokwenda. Chuo kinapewa leseni ya muda, kisha usajili, kisha ithibati, na Rais anaweza kukipa hati idhini. Hiyo ni ithibati ya taasisi. Kila kozi nayo inaombewa ithibati yake, na muda wake ni miaka mitano. Kabla jopo halijaja, chuo kinajitathmini chenyewe kwa maandishi. Jopo linakuja na maandishi yetu mkononi, linalinganisha na linachokiona. Kuna pia mtahini wa nje, mhadhiri kutoka chuo kingine, anayekuja kila mwaka kupitia mitihani na sampuli za karatasi.

Kwa hiyo jibu la moja kwa moja kwa mleta mada: mahali pa kukutana na zile karatasi 263 ni kwa mtahini wa nje. Ilipaswa azione.

Lakini nitasema ukweli wangu. Mtahini wa nje anakuja siku mbili au tatu, ana masomo mengi mezani. Anapewa sampuli, juu, kati na chini. Akiona aya ileile kwenye karatasi sita atahisi kitu. Akiona kwenye mbili hatahisi. Na wanajopo wote ni wahadhiri wenzetu. Mwaka huu ananikagua, mwakani mwenzangu atakuwa kwenye jopo la kumkagua yeye. Sisemi kuna hila. Nasema kuna huruma, na huruma ina uzito wake kwenye ripoti.

#15 Fundi Nondo
Karani umenifungulia. Sasa niweke hoja yangu vizuri. Chombo kinachopata fedha kwa kila kichwa cha mwanafunzi kinapataje ujasiri wa kufunga chuo chenye vichwa elfu tano? Ukifunga unajikata mwenyewe.

#16 Karani wa Ubora
Wamefunga lakini. Julai 2017 walizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya, na kozi 75 kwenye vyuo vingine 22 zikasimamishwa. Kama hoja yako ingekuwa kamili, lile lisingetokea. Na mwanafunzi wa chuo kilichofungwa anahamishiwa kwingine, kichwa chake hakipotei.

#17 Sukari Guru
Kichwa hakipotei lakini mwaka unapotea. Mimi nilikuwa kwenye moja ya hizo kozi zilizosimamishwa, chuo sikitaji. Tuliokuwa tunaendelea tuliruhusiwa kumaliza, ila walimu wazuri walianza kuondoka mmoja mmoja maana hapakuwa na mwaka wa kwanza unaoingia. Nikahama. Chuo kipya wakaweka matokeo yangu mezani, wakalinganisha somo kwa somo, wakakataa matano. Krediti zimeandikwa sawasawa na zao, saa 10 za kazi kwa krediti moja kama mwongozo unavyosema, lakini mkuu wa idara akaniuliza maswali manne ya takwimu, nikajibu moja. Akasema kwa upole kabisa, "Kwenye karatasi umesoma. Rudia."

Nililia siku ile. Nikarudia. Na huo mwaka niliorudia ndio ninaoutumia kazini mpaka leo. Kwa hiyo sijui niseme serikali ilinionea au iliniokoa.

#18 Mwaka wa Pili
Shikamooni. Mimi ni mwanafunzi, naomba nimjibu Mwalimu Chaki kwa heshima.

Ukumbi wetu wa mihadhara una viti 250 na darasa letu ni 380. Ukifika dakika kumi kabla unakuta watu wamewekeana madaftari. Sisi wengine tunasimama dirishani kwa nje. Kipaza sauti kilikufa mwaka wa kwanza. Ubao tunauona nusu, nusu umefunikwa na vichwa. Mwalimu akisema "futeni hapo andikeni hivi", wa dirishani tunasikia sauti tu bila maneno. Tunachobaki nacho ni desa. Sasa tukiandika cha kwenye desa tumekosa nini?

#19 Jembe la Mpini
Chaki, isije ikawa huyu ni mmoja wa wale 263!

#20 Mwaka wa Pili
Hapana kaka, somo letu tofauti. Ila ningekuwa kwao ningeandika 1987.

#21 Chaki Nyeupe
Mwaka wa Pili, marahaba, na asante sana. Umesema jambo ambalo sikulipima. Ukumbi wangu una kipaza sauti lakini viti ni 300. Nilikuwa nahesabu waliokosa masikio ya kusikiliza, sikuhesabu waliokosa viti.

#22 Mwalimu wa Ngazi
Mimi nafundisha sekondari, naona nyote mnaanzia juu mno. Hao watoto wanatoka kwetu. Shule ya msingi wanasoma kwa Kiswahili, kidato cha kwanza wanaamka asubuhi kila kitu ni Kiingereza. Anayefaulu miaka ile sita ni yule aliyejua kukariri, kwa sababu kueleza kwa maneno yake hawezi, maneno hayo hana. Nimewahi kumpa mwanafunzi swali la biolojia kwa Kiswahili nje ya darasa, akanieleza mzunguko wa damu vizuri kuliko kitabu. Nikampa lilelile kwa Kiingereza, akaandika aya ya kitabu na kuruka mstari mmoja katikati bila kujua.

TCU inaweka sifa za kuingia: principal (ufaulu mkuu wa kidato cha sita) mbili zenye jumla ya pointi 4, au diploma yenye GPA (wastani wa alama) ya 3.0. Sifa hizo zinapima nani alikariri vizuri. Mnawachagua wakariri halafu mnashangaa wanakariri.

#23 Wakili Mtarajiwa
Kwani hata E mbili si principal mbili? Ndiyo shida yenyewe, mlango umepanuliwa mno.

#24 Mwalimu wa Ngazi
Hapana. E moja ni pointi 1, mbili ni 2, hazifiki 4. Anahitaji D mbili, au C na E, au zaidi ya hapo. Mlango si mpana kama watu wanavyodhani.

#25 Bint Usambara
Mwalimu wa Ngazi nakuelewa, ila lugha haielezi kila kitu. Nimesoma na wenzetu kutoka nchi ambako lugha ya shule ndiyo lugha ya nyumbani, na wanakariri vilevile pale mtihani unapouliza "taja" na "orodhesha". Chaki, swali lako lilisomekaje?

#26 Chaki Nyeupe
Lilisema "Eleza hatua za kisheria zilizopelekea..." 

#27 Bint Usambara
Basi nawe uliomba orodha, ukapewa orodha.

#28 Jirani wa Namanga
Hamjambo majirani. Huku Kenya tuna Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, kwa sheria ya 2012. Na sisi tulijaribu njia ya kuhesabu vyeti vya walimu: ikawekwa kwamba ikifika 2018 kila mhadhiri awe na PhD. Muda ulipofika ikaonekana ukilazimisha, madarasa mengi yatabaki bila mtu mbele. Wengine wakakimbilia PhD za haraka, na sasa unauliza nani alizisimamia hizo PhD.

Kitu kingine cha kujifunza kwetu ni vita kati ya tume na mabodi ya taaluma. Kuna wahitimu wa uhandisi waliosoma kozi ambazo bodi ya wahandisi haikuzitambua. Walikataliwa kusajiliwa, kesi ikafika hadi Mahakama ya Juu. Mtoto wa mkulima amesoma miaka mitano, serikali hiyohiyo inampa cheti kwa mkono wa kulia na kukikataa kwa mkono wa kushoto.

#29 Mhandisi wa Kalavati
Jirani karibu sana. Mimi niko upande wa wanaoajiri, na kwangu bodi za taaluma ndizo zinazolinda ubora kwa kweli. Mhasibu anajua kuna mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu, mbele. Mhandisi anajua kuna bodi ya usajili. Mwaka jana nilisaili vijana 14 wa uhandisi ujenzi. Niliweka mchoro wa kalavati mezani, nikauliza maji yanaingilia upande gani. Watano walionyesha. Mmoja wa hao watano GPA yake ilikuwa ya chini kuliko wote, lakini alikuwa amefanya mafunzo kwa vitendo kwenye barabara ya vumbi kwao, akasema "hapa fundi amegeuza mteremko". Alikuwa sahihi, mchoro ulikuwa na kosa na mimi nilikuwa sijaliona.

Kozi zisizo na bodi, kama hiyo ya Chaki, nani anazisubiri mwisho wa safari?

#30 Kabati la Mzee
Jirani ameleta jambo la ukanda. Mei 2017 wakuu wa nchi walitangaza Jumuiya ya Afrika Mashariki kuwa eneo moja la elimu ya juu, na lile Baraza la Vyuo Vikuu lenye makao Kampala lina miongozo ya ubora ya pamoja. Maana yake mhitimu wa hapa alinganishwe na wa kwenu bila ugomvi. Kwenye karatasi limekaa vizuri sana.

Mhandisi, umesahau kwamba hata hapa ndani kuna milango miwili. Shahada za IFM, CBE na vyuo vya namna hiyo vya fedha na biashara ziko chini ya NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, si TCU. Wahitimu wawili wa uhasibu, mmoja kakaguliwa na hawa, mwingine na wale.

#31 Jembe la Mpini
Lakini mzee hata hao wa IFM majina yao ya kudahiliwa yanapitia TCU.

#32 Kabati la Mzee
Kweli kabisa, udahili wa shahada unapita TCU. Nilikuwa naongelea mitaala na ithibati. Umenishika vizuri.

#33 Nyundo ya Seneti
Hakuna aliyegusa idadi ya walimu. Ili ubaki chuoni kufundisha unatakiwa uwe na GPA ya 3.8 shahada ya kwanza na 4.0 ya uzamili. Ni sahihi kutaka walio bora. Ila idadi ya wanaofika hapo kwa mwaka kwenye idara moja ni wachache, wengine wanapata kazi zenye mshahara mzuri, wanaobaki wanakwenda masomoni. Mimi nasahihisha karatasi 500 ndani ya siku kumi kwa sababu matokeo lazima yafike kwenye bodi ya mitihani. Karatasi ya 40 naisoma. Ya 400 naitazama. Ni aibu kuandika hivi lakini mtu yeyote anayefundisha madarasa makubwa anajua.

Sasa hivi kuna mradi wa HEET wa kuboresha elimu ya juu, dola milioni 425 za Benki ya Dunia, mitaala inahuishwa, majengo na maabara yanajengwa. Nimefurahi mno. Nasubiri nione kwenye hizo fedha karatasi ya 400 itasomwa na nani.

#34 Mkutubi Mstaafu
Nyundo, usione aibu mwanangu. Ungesema hivyo mbele ya yule mama wa miwani angekusikiliza.

#35 Mama Juhudi
Namba imeingia, kathibitisha. Mungu awabariki. Amechagua ualimu. Nimesoma uzi wote usiku huu, sasa najiuliza nimempeleka wapi. Mtu aniambie, mzazi atajuaje chuo ni kizuri kabla ya kulipa?

#36 Karani wa Ubora
Mama, hatua ya kwanza aangalie kwenye tovuti ya TCU kama chuo na kozi vina ithibati, na mwaka inapoisha. Hiyo inamkinga na matapeli. Zaidi ya hapo ripoti za ukaguzi hatuziweki hadharani kwa namna ambayo mzazi anaweza kuzisoma. Mimi ningependa ziwekwe.

#37 Bint Usambara
Mama, mwulize mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa kozi hiyohiyo: mara ya mwisho kurudishiwa karatasi yenye maoni ya mwalimu ilikuwa lini?

#38 Jembe la Mpini
Chaki hujatuambia. Wale 263 uliwapa alama au hukuwapa?

#39 Chaki Nyeupe
Niliwapa, nikapunguza alama moja ya mwaka. Waliobadilisha maelezo kwa maneno yao nikawaachia hata hiyo moja.

Ila baada ya alichoandika Mwaka wa Pili nimerudi kwenye karatasi. 118 waliandika 1978, 31 hawakuandika mwaka kabisa. Nikalinganisha hao 118 na orodha ya mahudhurio ya siku ile niliposahihisha ubaoni. Nilidhani nitakuta ndio waliokuwepo. Zaidi ya nusu hawakuwepo. Nikawaita wachache leo asubuhi, nikauliza mlijuaje. Kumbe kuna binti wa safu ya mbele aliupiga picha ubao, akaituma kwenye kundi la WhatsApp la hosteli yao. Wa hosteli wakaipata. Waliopanga mtaani hawamo kwenye kundi hilo.

Binti mwenyewe nimemwona. Amenionyesha picha, ubao wangu, mkono wangu unaonekana pembeni. Nilikuwa sijui kama ipo.

#40 Mwaka wa Pili
Mwalimu, nami napanga mtaani. Karani, kwenye zile fomu za kujitathmini kuna mahali wanauliza mwanafunzi anaishi wapi?

#41 Karani wa Ubora
Kuna kipengele cha malazi. Tunajaza idadi ya vitanda na wanaokaa hosteli. Hakuna swali la jinsi anayekaa nje anavyopata cha darasani. Jumanne tuna kikao cha kupitia fomu yetu ya ndani, nitalipeleka. Chaki, ukiniruhusu nitachapa lile bandiko lako la 39 niende nalo.

#42 Chaki Nyeupe
Nenda nalo. Ongeza na la 18.